Redio ya Ndani ya Kabati

Ukishuka Tawa ukauliza benchi la Kepteni, hata aliyekuja kuuza nyanya jana atakunyooshea kidole. Liko mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Mwau, limeegemea ukuta wa bluu, na bati la baraza hulipa kivuli kuanzia saa tano hadi jua linapozama. Abdulatif hufika hapo saa saba na nusu, akishamaliza swala ya adhuhuri, na birika lake la shaba lenye makaa chini na vikombe vidogo visivyo na mkono. Babu yake alipanda kutoka pwani na marobota ya nguo, akafika Kitui, akamwona msichana wa Kikamba, na habari ya kurudi ikaishia hapo. Kahawa ya mjukuu ina tangawizi ya kumtoa mtu machozi, na wenye benchi huinywa kila siku wakilalamika kwamba ni kali.

Wenye benchi ni watatu. Mwau, mwenye duka, anaitwa Kepteni kwa sababu zamani alikuwa kepteni wa bweni. Ndolo anauza dawa za mifugo duka la tatu kutoka hapo, na kwa kuwa amewadunga ng'ombe wengi sindano, watu humwita Daktari na yeye mwenyewe ameshaamini. Wa tatu ni Musyimi, seremala, aliyelitengeneza benchi lenyewe. Huyu anaitwa Redio. Wote walisoma shule moja ya bweni, huko juu kwenye milima ya Mbooni, na ndiyo maana mazungumzo yao yanaweza kuanza na bei ya saruji, yakapita kwenye siasa, lakini kikombe cha pili kikifika yamekwishapanda mlima na kuingia getini.

Jumatatu hiyo Musyimi alikuja na sanduku la bati. Aliliweka katikati ya miguu yake, maandishi yakitazama barabara: NDILA MUSYIMI, GREDI 10, kwa rangi nyeupe aliyoipaka mwenyewe mwezi wa kwanza, herufi zimenyooka kwa rula. Ndila ni kitinda mimba wake. Likizo fupi ya katikati ya muhula ilikuwa imekwisha, na gari la kumrudisha shuleni lingepita saa tisa. Mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara kwa msusi, akisukwa mistari sita kama shule yake inavyotaka.

Sasa kulikuwa na jambo. Ndila alikuwa amekaa nyumbani siku nne. Jioni ya kwanza mama yake, Kalekye, alimwita amletee kikombe jikoni. Msichana akaja mbio, akapiga magoti sakafuni, akakishika kikombe kwa mikono miwili, kichwa chini, akangoja kipokelewe. Kalekye akacheka akidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo. Kesho yake alisimama mlangoni akaomba ruhusa ya kwenda chooni, choo cha kwao, alichokizoea tangu utotoni. Alipoulizwa kuna nini huko shule, alijibu kwamba hakuna kitu, na alilijibu vizuri mno, sauti imepigwa pasi, hata mama yake akaogopa. Kalekye hakufanya vita. Alisema tu kwamba Musyimi akitaka kumrudisha mtoto, amrudishe mwenyewe, yeye hatalifunga hilo sanduku. Musyimi akalifunga. Kisha akaja benchini mapema, roho juu, akitaka kusikia kutoka kwa wenzake kwamba mambo hayo hupita.

Mwau alitoka dukani akipangusa vumbi la saruji mikononi. Musyimi akasimama, akavuta sanduku, akampisha aingie kwenye nafasi ya ukutani, ile yenye upepo. Halafu akakaa tena.

— Redio, hiyo sanduku ni ya safari ama Kalekye amekufukuza?

— Ni ya Ndila. Anarudi leo.

— Na mbona uso imeanguka hivyo?

Musyimi akawaeleza, ila alieleza nusu. Habari ya magoti aliisema, ya choo akaimeza. Mwau akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekijua kijiji kinachotajwa. Alisema hiyo si ajabu, shule za wasichana kila mgeni hukabidhiwa mama wa shule, msichana wa kidato cha juu wa kumlea, na mama wa shule asipomfunza mtoto heshima ataambiwa ameshindwa kulea.

— Anamonolaisiwa tu, vile mgeni hufanywa. Sisi si tulipitia? Na tuko hapa.

— Tuko hapa, Ndolo akaitikia, kama ameulizwa kanisani.

Maneno hayo yalimtuliza Musyimi, na ndiyo aliyokuwa ameyafuata. Abdulatif akammiminia. Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, akawapungia mkono, wakampungia.

— Shida si shule, Ndolo akaanza, na wote wakajua sindano inakuja. Shida ni hii watoto ya siku hizi. Damu yao ni nyepesi. Sisi tulikuwa tunakula isyo. Mnakumbuka ile isyo?

Nani angesahau? Mahindi na maharagwe kwenye sufuria la kuingia mtu mzima, na mpishi amesimama juu ya kiti anayakoroga kwa koleo.

— Wadudu walikuwa wengi kuliko maharagwe, Mwau akasema kwa mapenzi.

— Ndio hiyo nasema. Mdudu anakaa ndani ya maharagwe, giza, peke yake, na haogopi. Ukimkula, umekula ujasiri. Sasa hawa wanapikiwa maharagwe imechaguliwa. Ujasiri itatoka wapi?

Abdulatif akauliza kama yeye, ambaye hakuwahi kula wadudu hao, basi ni mwoga. Ndolo akamfariji kwamba tangawizi hufanya kazi hiyo hiyo, ila inachelewa.

Mwau hakuridhika na wadudu. Yeye alisema ni godoro. Wao walilala juu ya magunia yaliyojazwa nyasi, na nyasi zilikuwa zinamchoma mtu mbavuni usiku kucha, kwa hiyo mgongo ulijifunza kukaa macho. Mtoto anayelalia sponji tangu azaliwe, uti wa mgongo hulainika, na huo uti umeshikana na kichwa. Akisemeshwa kwa ukali kidogo tu, anavunjika kutoka chini kwenda juu. Alisema hayo huku magodoro ya sponji kumi na moja yakiwa yamesimama nyuma yake dukani, yanangoja wanunuzi.

— Hapana, ni nepi, Ndolo akarudi.

— Asi! Nepi tena?

— Nisikizeni. Ndama ukimfunga gunia huko nyuma mwaka mzima, hiyo itakuwa ng'ombe ya aina gani? Ni joto. Joto ikikosa pahali ya kutokea, inapanda.

— Inapanda wapi?

— Kwa akili.

Mwau akataka kujua ni chuo gani kilichomfundisha hayo. Ndolo akasema mambo mengine mtu huyaona kwa macho. Kubishana huko kukachukua kikombe kizima, na katikati yake akaja mteja wa misumari. Mwau akaingia dukani, akapima, akatoka. Musyimi akasimama, akampisha, akakaa.

Abdulatif ni mtu wa kukaa kando katika mabishano, lakini siku hiyo naye alikuwa na lake.

— Mimi naona ni majina. Mtoto mkimwita Musembi, au kwetu tukimwita Mwanamisi, anajua kuna babu au bibi mwenye jina hilo anamtazama. Hatalia ovyo. Lakini siku hizi mnawapa majina ya sinema. Akipata shida atamlilia nani?

— Ndila ni jina ya mama yangu, Musyimi akasema.

Hakusema kwa hasira, lakini nadharia ya majina ikazikwa palepale. Abdulatif akajitia kupuliza makaa.

Wakaliacha la watoto, wakapanda mlimani. Kikombe cha pili kilikuwa kimefika. Ndolo alianza na ule ukungu wa mwezi wa sita, jinsi ulivyokuwa unaingia bwenini kupitia dirisha lisilo na kioo na kukaa juu ya vitanda. Mwau akaleta kwaya ya Jumapili, sauti ya nne ikiimbwa na wavulana ambao sauti zao zilivunjika wiki iliyotangulia. Wakakumbuka sweta za kijani zilizonuka moshi wa jikoni, na mvua juu ya mabati, na jinsi mwalimu wa hesabu alivyokuwa anafundisha na mbwa wake amelala mlangoni mwa darasa. Mvulana akikosea, mwalimu alikuwa anamwita mbwa kwa jina na kumwambia, unasikia? Musyimi alicheka mpaka akafuta macho. Aliyapenda hayo mambo. Hakuwa anajifanya. Katika maisha yake hapakuwa na miaka aliyoikumbuka kwa rangi na harufu namna ile, na mara nyingine akipiga randa peke yake karakanani, ukungu ule ulikuwa unamjia na moyo unamlainika.

Halafu wakafika kwa wageni. Siku ya kwanza mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, alipewa kiatu, akaambiwa apige simu nyumbani amjulishe mama kwamba amefika salama. Lazima amsalimu, lazima aulize hali ya mbuzi, lazima angoje jibu. Kulikuwa na mono wa kupuliza balbu mpaka izime. Kulikuwa na mono wa kupima urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, na akikosea hesabu anaanza upya mlangoni. Ndolo mwenyewe alipima. Alikuwa bado anaikumbuka idadi ya njiti, akaitaja, na Mwau akampigia makofi.

— Lakini hakuna kama Redio, Mwau akasema. Redio, tuwekee redio. Abdu hajasikia vizuri.

Abdulatif alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Hata hivyo akatua birika, kwa adabu. Musyimi akatazama barabarani. Saa nane unusu. Akatazama kwa msusi, akaona mgongo wa Ndila kitini, kichwa kimeinama. Kisha akakohoa kidogo kusafisha koo, kwa sababu hadithi hiyo ilikuwa yake na aliijua njia yake yote.

— Basi mimi nilikuwa mwembamba, akaanza. Mwembamba kabisa. Kabati ya bweni ile ya mbao, ya kuweka sahani na vitabu, mtu mwingine hangeingia. Mimi niliingia kama nimepimiwa.

— Kama umepimiwa, Ndolo akaunga mkono.

— Wananiweka ndani, wanafunga na kufuli. Pale juu kuna nafasi. Wanaangusha kifuniko ya soda, redio inawaka. Wakigonga mara moja, ni habari. Mara mbili, kwaya. Mara tatu, mpira.

— Na mpira! Mwau akashika kichwa. Abdu, huyu mtu alikuwa anatangaza mpira ambayo haiko. Anapanga timu mbili, anatoa kadi, mpaka mvua inanyesha uwanjani.

Ni kweli kwamba alikuwa hodari. Ndani ya muhula mmoja wavulana wa mabweni mengine walikuwa wanakuja na vifuniko vyao kumsikiliza. Jina la Redio lilimshika hapo, likamfuata darasani, likashuka naye mlima, na fundi aliyemfunza useremala alimwandika kwa jina hilo. Kalekye alimjua kama Redio miezi miwili kabla ya kusikia Musyimi.

— Sasa ile Jumamosi, Mwau akamchochea.

Ile Jumamosi ndiyo iliyokuwa kilele. Shule nzima ilikwenda kucheza mpira shule ya jirani, kwa lori. Redio ilikuwa inatangaza tangu saa nne asubuhi, lori likapiga honi, wavulana wakakimbia, na Mwau akakimbia nao, ufunguo wa kufuli ukiwa mfukoni mwa kaptura yake.

— Mimi sijui wameenda, Musyimi akaendelea, na sauti yake ikachukua lafudhi ya mtangazaji. Naendelea tu. Habari, kwaya, mpira, habari. Saa saba hivi akaingia mlinzi wa shule. Amesikia redio bwenini, na redio imekatazwa. Akaanza kutafuta. Amefungua masanduku. Ameinua magodoro, amepiga magoti chini ya vitanda. Anasema, redio, uko wapi? Na redio inasoma habari.

— Na hukusema uko hapo! Ndolo alikuwa ameshainama kwa kicheko.

— Redio inasema nifungulie? Mlinzi amechoka, akaenda zake. Wakarudi saa kumi na mbili jioni, wamefungwa mabao mawili. Wanafungua mlango ya bweni, wanakuta bado natangaza.

— Betri haikuisha, Mwau akamalizia, kama alivyoimalizia kwa miaka thelathini na saba, na benchi zima likatikisika. Hata Abdulatif alitabasamu. Mwau alikuwa na mkono begani mwa Musyimi, mkono mzito wa rafiki, kwa sababu walikuwa marafiki. Ni Mwau aliyempeleka Kalekye kwa gari lake hadi hospitali ya mji wa Wote, usiku alipopata uchungu wa kumzaa Ndila. Hilo Musyimi hakulisahau siku hata moja.

Mwau aliinuka kwenda kutema mate uani, akarudi. Musyimi akasimama, akampisha, akakaa. Walipotulia wakamwona Ndila amesimama mbele yao, mistari sita imenyooka, mikono nyuma. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi.

Akawasalimu mmoja mmoja kwa mkono, magoti yakikunjika kidogo kila mara. Abdulatif akamsogezea kigoda. Akashukuru, hakukaa.

— Baba, naweza uliza kitu?

— Uliza, mama.

— Mbona Mzee Mwau akikuja, wewe unasimama?

Musyimi akatabasamu, akangoja sehemu iliyobaki ya swali. Haikuwapo.

— Nani amesimama?

— Wewe. Nilikuwa naona kwa kioo ya msusi. Umesimama mara tatu. Mzee Ndolo hasimami, anasogeza tu miguu.

Ndolo akaitazama miguu yake. Mwau akacheka, akasema ni kumpisha tu, benchi ni jembamba. Lakini benchi hilo si jembamba, na aliyelipima alikuwa amekaa papo hapo.

— Ni umri, Ndolo akajaribu. Mtu anaheshimu umri.

— Mimi ndiye mkubwa, Musyimi akasema polepole. Nilichunga mbuzi miaka mitatu ndio nikaanza shule. Nikiingia kidato cha kwanza, Kepteni ako cha tatu, na nimemzidi mwaka.

— Basi ni sababu duka ni yake.

— Benchi ni ya Baba, Ndila akasema. Aliitengeneza.

Ndolo akageukia kikombe chake. Abdulatif akaona ni wajibu wake kuwaokoa wateja. Akasema kwa upole kwamba huenda ni adabu tu ya kibinadamu, hapana zaidi.

— Hata kwetu shuleni inaitwa adabu, Ndila akamjibu. Sinia, yule wa kidato cha juu, akiingia unasimama mpaka akae. Ukisahau...

Akaikunja mikono yake vizuri zaidi nyuma. Musyimi akaona kwamba mwanawe hakuuliza kwa ujeuri wala kwa kumtetea. Aliuliza kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. Alikuwa amemwona kwenye kioo, ng'ambo ya barabara, akamjua.

— Redio, Mwau akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mimi sijawahi kukuambia usimame.

— Uliniambia.

— Lini?

— Themanini na tisa.

Mteja alifika kutafuta rangi, akakuta watu wazima wanne hawamtazami, akaenda zake duka jingine. Mwau hakumwita. Alikuwa anapangusa mikono ambayo haikuwa na vumbi.

— Tulikuwa watoto, akasema mwishowe. Na hayo mambo yalipita. Mtu anasahau. Wewe mwenyewe ndio unatuchekesha nayo.

Musyimi alitamani kukubali. Lilikuwa neno hilohilo alilolifuata hapo tangu mchana, na sasa alikuwa amepewa bure, na rafiki yake, mbele ya mwanawe. Angelipokea tu, gari lingekuja, sanduku lingepanda, na jioni angemwambia Kalekye kwamba hata Kepteni amesema hupita. Akamtazama Ndila alivyosimama, miguu pamoja. Akajikuta anasema jambo ambalo hakulipanga.

— Kepteni, umewahi kuingia chumba yangu ya kulala?

— Hapana. Ningeingia nifanye nini?

— Kuna kabati ya nguo huko. Nilitengeneza mwaka ile tulioana. Haina milango.

— Nilidhani hukupata nafasi ya kuimaliza, Ndila akasema. Mama husema fundi hamalizi vitu vyake.

— Niliimaliza, mama. Milango mbili, ya mvule. Bawaba nilinunua kwa hii duka, Kepteni mwenyewe akanichagulia. Nikaifunga vizuri, hailii hata kidogo. Tukalala nayo usiku moja. Sikulala. Nilikuwa naitazama imefungwa, nasikia kuna mtu ndani. Asubuhi nikaitoa. Nikamwambia mama yako nguo zinataka hewa.

Abdulatif alitaja jina la Mungu, kwa kunong'ona.

— Ile Jumamosi, Musyimi akaendelea, na sauti ya mtangazaji haikuwamo, si kwamba sikujua mmeenda. Nilisikia lori. Nilisikia mpaka ikaisha kwa kona. Nilitangaza kwa sababu nikinyamaza nasikia nikipumua, na nikisikia hivyo naona hewa inaisha. Na mlinzi alipokuja, nilitaka kusema. Nilikuwa na neno hapa. Nikafikiria nyinyi mkirudi, mkiambiwa redio iliwasemea kwa mlinzi. Nikasoma habari.

Mwau aliweka kikombe chini. Kilikuwa bado kimejaa. Musyimi hakumchukia. Hilo ndilo lililomchanganya. Alikuwa anampenda, na aliupenda ule mlima, ukungu wake na kwaya yake, na hata sasa angeulizwa angesema ilikuwa miaka mizuri. Ila alikuwa amekaa miaka thelathini na saba akikata kipande kimoja katikati ya hadithi na kushona ncha mbili pamoja ili watu wacheke, na siku hiyo alikuwa amefunga sanduku la mtoto kwa mikono hiyohiyo ili naye akajifunze kushona.

Gari likafika, likapiga honi kabla halijasimama. Utingo akaruka chini, kijana mwenye kofia, akalishika sanduku mkono mmoja.

— Mzee, hii inapanda ama inabaki? Tumechelewa.

Ndolo na Abdulatif wakamtazama Musyimi. Ndila hakumtazama mtu. Alikuwa ameanza kwenda kwenye mlango wa gari peke yake, bila kuambiwa, hatua ndogo ndogo.

— Inabaki, Musyimi akasema.

Akamfuata Ndila, akamshika mkono kabla hajapanda. Akamwambia kwamba kesho watakwenda pamoja, yeye na mama yake, kwa mkuu wa shule, na huko wataeleza yote, hata la choo, na Ndila atakaa kando yao kwenye kiti. Baada ya hapo watatafuta nafasi katika shule ya kutwa ya hapa Tawa, ambayo jioni mtoto hurudi kwao. Akamwambia kwamba hana haja ya kumweleza lolote leo. Na akamwambia hatarudi kulala kule, hata usiku mmoja.

Ndila aliitikia kwa kichwa. Alisema asante, kwa ile sauti iliyonyooka, akasema tena asante, na mara ya tatu sauti ikakataa. Akalia palepale kando ya barabara, kamasi na machozi, mdomo wazi, kama alivyokuwa analia akiwa na miaka minne. Hakuwa amelia tangu arudi nyumbani. Muuza nyanya aligeuka kutazama, utingo akapanda gari kimyakimya, na pale benchini hakuna aliyemwambia anyamaze.